Mas-ala ya Nyumba ya Mawe na Haki ya Akaaye Ndani

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Amma baad. Siku moja baada ya sala ya alasiri alinijia mtu wa Lamu ambaye namjua tangu utoto wake, kwani alihitimu kwangu chuoni. Akaniamkia, akaketi, akasema: "Shekhe, nina mas-ala, nayo yamenikosesha usingizi." Nikamwambia, "Sema, mwanangu." Akasema: "Baba yetu alipokufa alituachia nyumba ya mawe ya babu zetu, huko Mkomani. Ndani yake yumo mama yetu, na dada yetu mmoja aliyefiwa na mumewe. Dari ya ndani yavuja, boriti mbili zimeoza vichwa, na masika yaliyopita kipande cha lipu kilianguka juu ya kitanda cha mama, naye alikuwa ametoka kwenda kutawadha. Ndugu yangu mkubwa aliyeko Mombasa ataka tuiuze. Amepatikana mgeni wa Ulaya atakaye kuinunua kwa fedha ambazo sisi hatujapata kuziona. Dada zangu wawili wengine wasema nyumba ya babu haiuzwi, lakini nao hawatoi hata senti ya chokaa. Nami nikitaka kuvunja ukuta nitie dirisha na choo kipya, naambiwa kuwa nyumba hizi ni turathi zilizohifadhiwa, siwezi kugusa kitu mpaka nipewe kibali. Basi, Shekhe, nyumba hii ni ya nani? Na tukiiacha ikaanguka, je, tuna dhambi?"

Sikumjibu siku ile. Nilimwambia arudi Ijumaa, kwani niliona maswali yake ni mawili, nayo yamefungamana kama nyuzi za mkeka, na mwenye kujibu kwa haraka hukata uzi asioutaka. Kisha nikafikiri kuwa ndugu zetu wengi wa Lamu, na Pate, na Mombasa, na Unguja wamo katika hali hii hii, na kila mmoja anong'ona na nafsi yake tu. Kwa hiyo nimeandika waraka huu.

Wanavyuoni wamesema kuwa kukihukumu kitu ni tawi la kukijua kitu chenyewe. Basi na tuijue nyumba kwanza.

Nyumba za Lamu tunazozisema, zilizo nyingi katika hizo zilijengwa katika karne ya 18 ya tarehe ya Kizungu. Ukuta wake ni wa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na unene wake hupata dhiraa moja. Chokaa yenyewe ni matumbawe hayo hayo yaliyochomwa kwa kuni. Dari ni boriti za mikoko, juu ya boriti ni mapande ya mawe, na juu ya mawe ni chokaa na kokoto zilizopigwa na kupigwa hata zikashikana kuwa sakafu moja. Na kwa kuwa boriti ya mkoko haichukui uzito huo ila kwa urefu wa kadiri yake, vyumba vyote vimekuwa virefu na vyembamba, upana wake kama futi 9 au 10 hivi. Mtu asemaye kuwa wazee wetu walipenda vyumba vyembamba hakuuliza. Walijenga kwa kadiri ya mti waliojaaliwa na Mola wao.

Ukija kutoka njiani, kwanza ni daka, lenye baraza za mawe kulia na kushoto. Hapo ndipo mgeni akaapo na mazungumzo ya wanaume yakapita. Kisha mlango, kisha tekani, nayo imepindishwa ili apitaye njiani, hata mlango ukiwa wazi, asiwaone walioko ndani. Kisha kiwanda kilicho wazi kwa mbingu, nacho ndicho kileta mwanga na upepo. Kisha ni msana wa tini, na msana wa yuu, kama wasemavyo Waamu, kisha ndani. Na kila unapozidi kuingia wapanda kidato kimoja. Mwisho kabisa, pale pasipofikwa na jicho la mgeni, ndipo penye zidaka na nakshi za chokaa zilizo bora kuliko zote. Nje, upande wa njia, ukuta ni mtupu. Tazama, ndugu yangu, jambo hili: mwenye nyumba alificha fahari yake ndani akaonyesha njiani ukuta usio na kitu, na sisi leo twajenga magorofa ambayo fahari yote i barazani na ndani hamna hata pahala pa mama kujisitiri na mgeni wa mwanawe. Aliyeijenga nyumba ile kama kwamba alikuwa na Suratu-n-Nur mbele yake, kwa yale yaliyomo ya kuomba idhini na kuinamisha macho.

Walakini insafu ni wajibu. Nyumba hizi zina giza. Masika unyevu hupanda ukutani, na popo hupenda vyumba visivyokaliwa. Ngazi zake ni kali, na mtu mzima wa miaka 70 huziogopa kama aogopavyo bahari ya kusi. Vyoo vyake ni vya shimo, na zamani shimo na kisima vilikuwa majirani, na maji ya kisima kama hicho leo hayanyweki. Mtu asifuye nyumba za mawe kutoka nje, kisha akalala penye mashini ya baridi, hana haki ya kumlaumu yule alalaye ndani yake na ndoo chini ya mvujo.

Sasa tuingie katika hukumu. Msomaji aliyesoma Minhaj ya Imamu Nawawi atakumbuka kuwa mwisho wa mlango wa nafaka, baada ya kutajwa nafaka ya mke, na ya wazazi na watoto, na baada ya kutajwa kuwa mwenye mnyama humlazimu kumlisha na kumnywesha, limetajwa jambo dogo ambalo wanafunzi hulipita mbio kwa kuwa kitabu kimechoka na wao wamechoka. Nalo ni kwamba kisicho na roho, kama mfereji na nyumba, haimpasi mwenyewe kukitengeneza. Punda wako akifa na njaa una dhambi, na kadhi ana njia ya kukushika. Nyumba yako ikianguka, huna wa kukushika. Na wenye kuisherehesha wakaongeza kuwa ni karaha kuiacha mpaka ikawa gofu pasipo udhuru, kwa kuwa ni kupoteza mali.

Nakiri kwamba nilipoisoma hukumu hii ujanani niliiona kavu. Nilikuwa nikipita kwenye magofu ya Pate, na moyo wangu ukisema: vipi ukuta kama huu usiwe na haki? Leo naona kuwa hikima yake ni kubwa. Sheria haikutaka mtu awe mtumwa wa mawe. Lau kuitengeneza nyumba kungekuwa faradhi kwa ajili ya nyumba yenyewe, maskini aliyerithi jumba angelazimika kuwanyima wanawe chakula ili ailishe chokaa. Mwenye kumwambia maskini huyo, "Ni haramu kwako kuiacha, ni turathi," amemtwika mzigo ambao Mola wake hakumtwika, na mara nyingi mwenye kusema hivyo haweki hata kidole kuusaidia.

Lakini tazama hukumu hiyo imekaa mlango gani. Imekaa katika mlango wa nafaka, yaani mlango wa haki za wenye roho. Na katika mlango huo huo imo haki ya mzazi asiye na uwezo juu ya wanawe wenye uwezo: chakula chake, na nguo yake, na maskani yake. Nyumba haina roho, lakini mama aliye ndani anayo. Basi yule ndugu wa Mombasa asemaye, "Nyumba hii hainilazimu," amesema kweli, na dari ile yamlazimu vile vile. Haimlazimu kwa kuwa ni dari ya babu, yamlazimu kwa kuwa chini yake yumo mamake. Akitaka, na amwondoe mama ampe maskani mengine yaliyo mema na yatakayomridhi, kisha dari ianguke. Asipofanya hilo wala hili, hapo ndipo penye dhambi. Na Mwenyezi Mungu katika Suratu-n-Nahl ametukumbusha neema ya majumba kwa sifa moja tu, kuwa ametujaalia ndani yake utulivu. Hakutaja urefu wake wala nakshi zake. Mwanamke alalaye akihesabu matone hana utulivu, ijapokuwa ukutani pana zidaka 100.

Na kuna wengine ambao kwa ajili yao nyumba hurudi kuwa wajibu. Mali ya yatima: walii wake humlazimu kuitengeneza nyumba yake kwa mali yake yatima, wala hana khiyari ya kuiacha. Kadhalika wakfu. Msimamizi wa wakfu kazi yake inajulikana: kukodisha, na kutengeneza, na kukusanya pato, na kuligawa, na matengenezo hutangulia mgao. Twaona nyumba za wakfu ambazo pato lake limeliwa mwaka hata mwaka mpaka tundu la shilingi moja likawa ufa wa shilingi 1,000, na ufa ukawa gofu, na gofu likawa kiwanja, na kiwanja kikawa na mwenyewe mpya asiyejulikana alikotoka. Aliyeweka wakfu yumo kaburini angojea thawabu zake, na sisi tumemkatia njia. Katika jambo hili silainishi maneno. Hiyo ni khiyana.

Ama ukuta wa shirika, au nyumba ya warithi wengi ambayo haijagawanywa, hapo pana mashaka zaidi, na hapo ndipo nyumba zetu nyingi zinapofia. Kauli kongwe ya Imamu Shafi'i ilikuwa mshirika alazimishwe kutengeneza pamoja na mwenziwe. Kauli yake mpya ni kuwa halazimishwi, lakini mwenziwe akitaka kukijenga kilichoanguka kwa vifaa vyake mwenyewe hazuiwi, na alichokijenga ni chake. Na wako katika wanavyuoni wa madhehebu yetu walioona kuwa ikimdhihirikia kadhi kuwa mshirika akataa kwa inadi na kudhuru tu, si kwa ufukara wala kwa sababu iliyo sawa, amlazimishe. Nami moyo wangu umeelekea huko, kwani inadi imekuwa nyingi. Hesabu ya nyumba ya mwulizaji wetu ni nyepesi: mke, na wana wawili wa kiume, na watatu wa kike. Nyumba yagawanyika mafungu 8: mama fungu 1, kila binti fungu 1, kila mwana wa kiume mafungu 2. Lakini je, waligawanya? Hawakugawanya. Baba alikufa zamani, na wao wakaona haya kutaja mafungu mbele ya mama, na haya ile ikawa mwaka, na mwaka ukawa miaka 10. Watu wetu huiita hii hishima. Matokeo yake ni kuwa hakuna hata mmoja ajuaye kuwa boriti iliyooza ni yake.

Mtu atasema: "Shekhe, mbona mwatutia katika dunia? Je, Mwenyezi Mungu katika Suratu-sh-Shu'araa hakuwasimulia watu wa Adi, na Nabii Hud akiwalaumu kwa kujenga kila penye mwinuko kwa upuzi, na kujifanyia majengo kama kwamba watadumu? Na je, Khabbab bin Al-Aratt, sahaba wa Mtume, hakupokewa katika Sahihi Bukhari kuwa alipokuwa akijenga ukuta wake alisema kuwa Muislamu hulipwa kwa kila atoacho ila kile akitiacho katika udongo huu?" Hayo ni kweli yote, nami humsikitikia mtu awekaye fedha za zaka katika nakshi za mlango. Lakini tazama nani aliyekuwa akisema: Khabbab alikuwa akijenga. Hakuuacha ukuta. Na wanavyuoni wamelichukua neno lake juu ya jengo lililozidi haja. Tena kutengeneza kilichopo ni kinyume cha israfu; mwenye israfu ni yule avunjaye ukuta wa dhiraa moja uliosimama miaka 200, ili ajenge ukuta wa tofali jembamba utakaomchoma kwa joto mchana na usiku, kisha anunue mashini ya kumpoza na alipe umeme mpaka kufa kwake.

Na mwengine atasema neno lililo zito zaidi, nalo sipendi kulipita kwa kuwa ni chungu. Atasema: "Majumba hayo mwayasifu, na ni nani aliyekata matumbawe yale na kuichoma ile chokaa?" Jawabu ni kuwa kazi nyingi ya mikono ile ilikuwa kazi ya watumwa, na walilala chini, penye unyevu, na mabwana wakalala juu penye upepo. Utumwa uliondolewa na sheria Unguja mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907, lakini wajukuu wa pande zote mbili wangali nasi, na katika darasa yangu wamekaa jamvi moja. Mimi sisemi tuihifadhi nyumba kwa ajili ya fahari ya nasaba ya fulani. Nikisikia mtu ajivuna kwa nyumba ya mawe mbele ya aliyezaliwa katika nyumba ya udongo, nasema heri ingeanguka leo. Lakini mkono uliokata jiwe lile, ulikata kwa ustadi, na ustadi ule ni wa mkono wala si wa bwana. Kuuangusha ukuta hakumrudishii mtumwa haki yake. Kumfundisha mjukuu wake uashi wa chokaa, akalipwa ujira kamili kabla jasho lake halijakauka, huko kuna kitu cha haki.

Na hili la uashi lanipeleka kusema kosa langu mwenyewe, ili nisiwe mwenye kuwanyoshea wenzangu kidole. Nilipokuwa kijana nafundisha madrasa, palikuwa na nyumba ya wakfu ambayo kodi yake hununua mafuta ya taa na vitabu. Ukuta wake chini ulikuwa ukimomonyoka, chokaa yaanguka kama unga. Nikapewa fedha nitengeneze. Mzee mmoja mwashi alinishauri nichome chokaa. Nikaona kazi ya zamani ni ndefu na chafu, na chokaa yataka kulowekwa na kungojewa. Nikanunua simiti. Ukuta wote ukapigwa lipu ya simiti ndani na nje, ukapakwa rangi, ukang'ara kama yai, na watu wakaniombea dua. Masika ya kwanza kimya. Ya pili pakaonekana madoa. Baada ya miaka michache lipu yangu ikatoka kwa mapande makubwa kama milango, na kila pande liliondoka na nyama ya ukuta, na mawe ya ndani yalikuwa yamelowa na kuota chumvi, na boriti 4 vichwa vyake vimekuwa kama mkate uliolowa katika chai. Mzee yule akaja akatazama. Hakunicheka. Akasema, "Shekhe wangu, ukuta huu wapumua. Maji hupanda kutoka chini, na chokaa huyatoa nje kidogo kidogo. Wewe umeuziba pua." Mpangaji akahama, kodi ikakatika, na watoto wakasoma bila ya taa muda mrefu. Nililipa katika mshahara wangu kadiri nilivyoweza, kwani mganga asiyejua uganga akiharibu hudhamini, na sioni kwa nini mwalimu asiyejua uashi asamehewe. Nami nilifanya kwa nia njema kabisa. Nia ile sikuiona imeondoa chumvi hata chembe.

Basi jueni kuwa nyumba hizi nyingi haziuawi na uzee. Zauawa na simiti juu ya chokaa, na tangi la maji lililowekwa juu ya dari isiyokuwa ya kuchukua tangi, na choo kipya kilichotiwa juu ya boriti kikavuja pasipoonekana, na ukuta uliotobolewa mlango wa duka bila ya kuulizwa uchukua nini. Na zauawa na kufungwa. Nyumba ikaayo na watu hufagiliwa juu, mche wa mtini hung'olewa ungali mdogo. Nyumba iliyofungwa kwa kugombewa, mtini huota ufani, na mizizi yake hufanya kazi ya mtaimbo.

Sasa neno juu ya wale watazamao. Shirika la UNESCO liliuandika Mji Mkongwe wa Unguja mwaka 2000, na mji wa Lamu mwaka 2001, katika orodha ya turathi za ulimwengu. Ni hishima, nasi twashukuru kwamba watu wa mbali waliona tulichokuwa twakibomoa. Lakini kuandikwa hakuungi boriti. Beit al-Ajaib ya Unguja, aliyoijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, hapana jumba lililopigwa picha kuliko hilo katika pwani yetu yote. Na tarehe 25 Desemba 2020 upande wake wa mbele uliporomoka, nalo lilikuwa katika kutengenezwa, na watu 2 wakafa. Mwenyezi Mungu awarehemu. Ikiwa jumba la Sultani lililotazamwa na ulimwengu wote limeanguka, hali gani nyumba ya mjane iliyo nyuma, katika uchochoro, ambayo wapangaji ni jamaa 6 na kila mmoja angojea mwenziwe apande kuziba tundu? Huko Unguja baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilitoka mikononi mwa wenyewe zikawa za Serikali, na waliowekwa ndani walikuwa wahitaji wa kweli. Lakini hawakuwa na fedha za chokaa wala hakika kuwa watakaa. Na mtu hatengenezi kwa moyo asipojua kuwa atalala.

Ama wageni wanunuao, khasa Shela na Lamu, mimi sitawatukana. Kuuza ni halali, na bei ni ridhaa ya wawili. Tena haki isemwe: wako miongoni mwao waliotengeneza kwa chokaa na boriti kuliko sisi wenyewe, wakawapa kazi mafundi wetu ambao sisi tuliwaona wa kizamani. Lakini naona mambo mawili yanayonitia huzuni. Moja, nyumba inakuwa nzuri na mtaa unakufa: taa zawaka miezi 2 katika mwaka, na msikiti wa jirani safu yake ya alfajiri ni wazee 5. La pili ni yale madari ya juu, walikofanya mabaraza ya kulia na kupunga upepo. Fiqhi yetu yamruhusu mtu kufungua dirisha katika ukuta wake, lakini kuchungulia ni haramu, na kiwanda cha jirani ndicho chumba cha wanawe. Nyumba iliyojengwa ili jicho lisiingie, sasa jicho laingia kutoka juu. Auzaye na afikiri kuwa ameuza nyumba yake, na pamoja nayo ameuza sitara ya jirani ambayo haikuwa yake.

Na hao wenye kutoa vibali nao nina neno kwao kwa adabu. Kuhifadhi ni vyema, na lau si wao nakshi nyingi zingekuwa kifusi. Lakini mtu aombapo ruhusa ya choo cha mamake akajibiwa baada ya mwaka, hufanya usiku bila ya ruhusa, na kwa simiti. Sheria isiyomjua mkaaji humfanya mkaaji kuwa adui wa nyumba yake.

Ijumaa mtu wangu akarudi. Nikamwambia: "Anza na dari, kabla ya neno lolote la kuuza. Wewe na nduguyo mna uwezo, basi toeni katika mali zenu kama nafaka ya mama, wala msiandike kuwa ni deni juu ya nyumba. Boriti 2 zibadilishwe, na chokaa iwe chokaa. Kisha mgawanye kwa maandishi na mashahidi mafungu 8, kila mtu ajue lake. Nduguyo akitaka kutoka katika shirika hazuiwi. Lakini mwambieni awauzieni ninyi, hata kwa kulipa kidogo kidogo, na akimwuzia wa nje tazameni haki ya shufaa kwa masharti yake. Dada zako wawili waambie kuwa kusema haiuzwi si kutengeneza. Dirisha lifungue upande wa kiwanda, usifungue njiani, na kibali kiombe mapema, uende mara 10." Kisha nikamwuliza neno nililopaswa kumwuliza siku ya kwanza: "Na mama mwenyewe, asemaje?"

Akanyamaza. Akasema, "Shekhe, hatujamwuliza."

Nikamwambia, "Basi mas-ala yako bado. Nenda."

Akaenda, akaniletea khabari baada ya siku chache. Mama alisema kuuza au kutouza ni juu yao, yeye fungu lake ni 1 na Mungu ndiye mgawaji. Lakini mtaa ule hautoki, kwani jirani zake wamo na adhana aisikia akiwa kitandani. Zidaka hazimshughulishi, kwa kuwa kuzipangusa vumbi kumemchosha miaka 50. Atakalo ni kitanda chake kishushwe msana wa tini, na choo kiwe karibu bila ya kidato, na kamba nene ifungwe ukutani mwa ngazi ili aweze kushika akipanda kuanika nguo. Mwanawe akamwuliza, "Na dirisha, mama?" Akasema, "Dirisha ulilitaka wewe."

Kamba imefungwa siku ile ile. Boriti zimeagizwa, na chokaa i shimoni yalowekwa. Ndugu wa Mombasa ametuma nusu ya fedha, nusu yangojewa.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.